Aliyetumwa Nyumbani Kuleta Karo Asifungiwe na Seva



Mwanafunzi wa kidato cha nne ametumwa nyumbani kuleta karo. Tushazoea, hatuoni ajabu tena. Lakini shule yenye chumba cha kompyuta siku hizi huwa pia na seva, ile kompyuta kuu inayoweka noti za walimu, mitihani ya miaka iliyopita na kazi za kufanya nyumbani. Mtoto akitoka getini, anakosa darasa na anakosa hiyo seva pia. Sasa hebu niambieni: akizisoma noti hizo akiwa kwao Kisauni, zinapungua ukurasa gani?

Msimamo wangu ni huu. Maadamu jina lake lingali kwenye rejista, mwanafunzi aweze kuingia kwenye seva ya shule akiwa nyumbani, awe na deni ama hana. Katiba kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya elimu, na cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sijaona palipoandikwa kwamba haki hiyo inaishia getini.

Tena si wanafunzi tu. Januari 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, TSC ilihamisha walimu wasio wenyeji, na watoto wa Kaskazini Mashariki wakabaki madarasani bila wa kuwafundisha fizikia na hisabati. Mwalimu aliyehamishiwa Kitui, kama shule ingekuwa na njia ya kumwingiza kwenye seva yake, angeendelea kuweka noti na kusahihisha kazi. Isingekuwa sawa na mwalimu aliyesimama ubaoni, lakini ingekuwa kitu. Miezi miwili baadaye Korona ikafunga shule nchi nzima, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Waliokuwa na intaneti walisoma. Wengine walingoja.

Wakuu wa shule wakiulizwa, husema ni ghali na ni hatari. Ughali siukubali sana. Programu kama WireGuard, ya kutengeneza njia ya siri kati ya simu yako na seva, ni ya bure, na Moodle ya kuwekea masomo pia ni ya bure. Kinacholipiwa ni intaneti, stima na fundi anayejua kazi. Upande wa mwanafunzi, noti za maandishi hazimalizi bando. Video ndizo zinazokula.

Hatari ipo kweli, lakini inategemea mlango umefunguliwa vipi. Kuna mafundi wanaofungua ruta ya shule moja kwa moja kwa dunia nzima ili mwalimu aone skrini ya kompyuta ya ofisini akiwa kwake. Wahalifu wana programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu milango ya aina hiyo. Njia salama ni ile ya VPN: kila mtu na akaunti yake, paswadi yake, na msimbo wa pili unaokuja kwenye simu. Mwanafunzi aone noti tu, matokeo na rekodi za karo ziwe chumba kingine kabisa. Na kama shule inatumia laini ya simu, mara nyingi mtu wa nje hawezi kuifikia ruta yake, kwa hivyo seva yenyewe ndiyo inapaswa kuanza kupiga hodi nje, kisha nyinyi mkutane huko. Fundi akikwambia haiwezekani, tafuta fundi mwingine.

Sasa nanyi vijana, haki hii isiwe kisingizio cha kutumia paswadi ya mwalimu uliyoichungulia. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 inasema kuingia bila idhini ni faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Hata kabla ya sheria hiyo, Surat an-Nur ilishatufundisha kubisha hodi na kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu.

Kuna na upande mwingine wa hodi. Seva hiyo ina jina lako, dini yako, nambari ya simu ya mamako. Sisi tuliokulia kwenye vetting ya kitambulisho tunajua orodha yenye majina yetu inaweza kuishia wapi. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, na si maneno matupu: 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini hiyo. Shule ikikwambia uweke programu yao kwenye simu yako, uliza kwanza inaona nini humo ndani.

Mkutano wa wazazi ukiitwa, nendeni na wazazi wenu, au waandikieni maswali kwenye karatasi. Seva yetu inafunguka kutoka nyumbani? Nani ana ufunguo, na mwalimu akihama akaunti yake inafungwa lini? Aliyetumwa kuleta karo anaendelea kuingia? Mkijibiwa "tutaangalia", ombeni jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe.