Mkataba Uko Chini ya Sweta

Wanafunzi wenzetu wanaokwenda Ujerumani kuwa au pair, yaani kukaa na familia na kusaidia kulea watoto huku wakijifunza lugha, hujiandaa kwa bidii lakini hujiandaa vibaya. Siku nyingi zinaishia sokoni Owino wakichagua makoti ya mitumba, yale yale yaliyotoka Ulaya na sasa yanarudishwa kwao kwa ndege. Sanduku linapimwa na kupimwa tena lisizidi kilo 23. Mama mwenyeji anashonewa gauni la kitenge ingawa hakuna anayejua kipimo chake. Ukiuliza mkataba unasema nini, unajibiwa, "Upo, umeshatiwa sahihi."

Umetiwa sahihi, haukusomwa.

Neno au pair ni la Kifaransa, na maana yake ni sawa kwa sawa. Kanuni za Ujerumani zinajaribu kulishika: kazi isizidi saa 6 kwa siku wala saa 30 kwa wiki, na jioni za kukaa na watoto zihesabiwe humo humo, siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki nne kwa anayekaa mwaka mzima, chumba chake mwenyewe, bima inayolipwa na familia, euro 280 za matumizi kila mwezi, na mchango wa euro 70 kwa kozi ya lugha. Familia ikikiuka, kuna njia ya kuhamia nyingine. Yote haya yameandikwa.

Kwa nini basi hayasomwi? Baadhi ya walimu watasema ni uvivu. Sikubali. Anayeweza kuchambua Kusadikika hashindwi na kurasa chache za mkataba. Sababu iko nyumbani kwetu. Wengi tumelelewa na mayaya walioamka kabla yetu na kulala baada yetu, na hakuna aliyewahi kuhesabu saa zao. Kwetu kazi ya ndani haina saa. Binti wa nyumba kama hiyo, aliyeanza kazi saa moja asubuhi, akiambiwa saa nne usiku apige pasi mashati ya familia nzima, haoni kosa. Anaona zamu yake imefika.

Wazee nao, kwenye kila kikao cha kumuaga, humpa neno moja: vumilia. Neno hilo hilo walipewa dada zetu waliokwenda Saudia na Oman, na wapo waliovumilia huku pasipoti zao zimefungiwa kabatini mwa tajiri. Kwamba mvumilivu hula mbivu nakubali, lakini embe halina mkataba.

Wengine wanahofia kwamba anayedai saa zake ataonekana mjeuri, na wanaomfuata watanyimwa nafasi. Familia inayotaka mtu asiyehesabu saa inataka kijakazi wa bei nafuu. Nafasi hiyo acha ipotee.

Toeni gauni la kitenge. Wekeni daftari la kuandika kila siku kazi ilianza na kuisha saa ngapi, na nakala ya mkataba ibaki Kampala kwa mtu mnayemwamini. Kisha mwandikieni mama mwenyeji swali moja: nani atakaa na watoto nikiwa kwenye kozi? Jibu lake, au kimya chake, mlipate kabla hamjalipia tiketi.