Usiue Upande Mmoja wa Kweli Kinzani

Mtahiniwa, kuna kosa moja linaloniuma ninaposahihisha majibu ya fasihi, kwa sababu hufanywa na mwanafunzi aliyesoma. Ameulizwa kuhusu kweli kinzani. Anaifafanua vizuri: kauli inayoonekana kujipinga ilhali ina ukweli ndani yake. Kisha anapotakiwa kuieleza kauli yenyewe, anashika upande mmoja na kuua wa pili.

Chukua mfano huu niliotunga: "Tajiri yule alikuwa maskini kuliko watumishi wake." Mmoja ataandika kwamba tajiri alikuwa na mali tele, hivyo umaskini huo ni chuku tu. Mwingine ataandika kwamba tajiri alifilisika. Wa kwanza ameufuta umaskini, wa pili ameufuta utajiri. Wote wawili wamelikimbia swali.

Maoni yangu ni kwamba kweli kinzani haitatuliwi kwa kuamua upande upi ni wa kweli. Zote mbili ni kweli. Kazi yako ni kutafuta jambo la tatu linaloziwezesha kukaa pamoja. Jiulize: Ni maneno gani yanayogongana? Kila moja ni kweli kwa maana gani? Ni tukio gani kitabuni linalothibitisha maana hizo? Tuseme hadithi yetu inaonyesha tajiri akila peke yake katika jumba kubwa, huku watumishi wakila pamoja na kucheka jikoni. Basi utajiri wake ni wa mali, umaskini wake ni wa watu. Hakuna upande uliokufa.

Njia hii unaijua tayari kutokana na methali. Kupotea njia ndiko kujua njia. Anayepotea leo ndiye atakayeijua njia kesho, kwa hivyo wakati ndio unaopatanisha pande hizo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya ni cha sasa, mshindo ni wa yatakayofuata. Tazama pia anwani kama Chozi la Heri na Mapambazuko ya Machweo. Chozi tumezoea kulihusisha na huzuni, heri na baraka. Mapambazuko huanza siku, machweo huimaliza. Ukieleza neno moja tu, umeeleza nusu ya anwani.

Usichanganye mbinu hii na kinaya. Katika kinaya, linalotokea ni kinyume cha lililotarajiwa, mathalani mlinzi kuibiwa akiwa lindoni. Hapo hakuna kauli inayojipinga. Kuna tukio linalokwenda kinyume na matarajio yetu.

Wapo wanaoamini kwamba kukariri fasili na mifano kumi kunatosha. Siwaungi mkono. Karatasi ya 102/3 inakudai majibu ya maswali manne, kila moja alama 20, na dondoo utakalopewa huenda lisiwe miongoni mwa mifano yako kumi. Fasili hukufungulia mlango tu. Alama hupatikana kwa maelezo yaliyofungwa kwenye matukio ya kitabu.

Leo kabla ya kulala, tafuta kauli moja ya aina hii katika kitabu chako teule. Ijibu kwa sentensi tatu, moja kwa kila swali. Ukikosa jambo la tatu, usilibuni. Rudi kitabuni usome ukurasa uliotangulia na unaofuata, kwani mara nyingi jibu limejificha hapo.