Mwanafunzi aliyehama asaidiwe mbele ya mitihani

Tangu 2023, mapigano ya Mbole na Lengola yameondoa familia nyingi Lubunga na kandokando yake. Mzazi aliyeacha shamba hana tena muhogo wa kuuza, na muhogo ndio ulilipa minerval ya mtoto kule UNIKIS. Kumwongezea muda wa kulipa haitoshi: deni linabaki, na mtumbwi wa kuvuka mto unalipwa kila asubuhi.

Wakati wa Zaire serikali ilitoa bursi. Leo jimbo na chuo wafungue hata mfuko mdogo wa dharura. Minerval ilipwe moja kwa moja benki, na pesa za mtumbwi na chakula apewe mwanafunzi mwenyewe. Zitoke mbele ya mitihani. Kisha hapo kijana amekwisha kuanza kuendesha toleka.