DHAMIRA OVU NA USHAHIDI WETU



Kila damu inapomwagika kijijini, sauti yetu ni moja: "Muuaji, naye afe!" Hatuulizi alikusudia nini. Huo ni uvivu wa dhamiri, na hatuna budi kuukemea.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hutofautisha makosa mawili. Anayesababisha kifo kwa tendo lisilo halali, akiwa na dhamira ovu, ameua kwa kukusudia. Adhabu yake ni kifo, na jaji hana hiari ya kutoa nyingine. Pasipo dhamira hiyo, kosa ni kuua bila kukusudia. Hapo adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha, lakini jaji hupima mazingira. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, ilimtengea mji wa kukimbilia mtu ambaye shoka lake lilichomoka mpinini likamwua mwenzake. Ikamnyima hifadhi hiyo aliyemvizia jirani kwa chuki.

Wengine husema: moyo wa mtu aujua Mungu peke yake. Ni kweli, lakini mahakama haipapasi gizani. Hutazama silaha iliyotumika, mahali palipopigwa, idadi ya mapigo, na maneno ya mtuhumiwa kabla na baada ya tendo. Mambo hayo huelezwa na nani, kama si sisi majirani? Shahidi anayegeuza pigo moja kuwa matano humsogeza mwenzake kwenye kitanzi. Anayenyamaza kwa kuwa muuaji ni ndugu yake humdhulumu marehemu.

Wala wanaompiga mwizi kwa mawe wasijifiche nyuma ya maneno "tulitaka kumfunza adabu tu." Dhamira ovu si chuki ya siku nyingi peke yake. Aliyekusudia kumjeruhi mtu vibaya, au aliyejua kuwa tendo lake laelekea kuua asijali, anayo. Tairi na petroli havifundishi adabu.

Tena, anayeshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia hapewi dhamana. Hubaki mahabusu mpaka shauri liishe, hata kama mwishowe ataonekana hakukusudia. Na tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kuwa adhabu ya kifo isiyomwachia jaji hiari inavunja haki ya kuishi, ikaiagiza Tanzania kuiondoa katika sheria zake. Kudai agizo hilo litekelezwe si kuwatetea wauaji. Ni kudai kila mtu apimwe kwa tendo lake na nia yake.

Viongozi wa walei, anzeni katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Watembeleeni mahabusu. Zifarijini familia za marehemu. Zuieni mawe kabla hayajarushwa. Nanyi mkiitwa mahakamani, semeni mlichokiona: msizidishe, msipunguze.