Mali ya ndugu na shehena iliyoko baharini

 

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kuzungumzia jambo lililoingia katika nyumba zetu nyingi za Musoma, Bunda na Butiama bila ya kupiga hodi, nalo ni kuagiza bidhaa ng'ambo. Zamani aliyeagiza China au Dubai alikuwa ni tajiri wa Kariakoo, nasi wa huku Mara tulinunua kwake, au tulikwenda Sirari kutazama bei za upande wa Kenya. Leo mwenye duka dogo pale Nyasho anazungumza na muuzaji wa Guangzhou au Yiwu kwa simu ya mkononi, na binti aliyeko nyumbani Bunda anakusanya oda za abaya na viatu vya watoto kwa majirani kabla hajanunua hata jozi moja. Biashara hiyo kwa asili yake ni halali. Makuraishi waliishi kwa misafara yao miwili, wa kusi na wa kaskazi kama tungesema sisi, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe kabla ya kupewa utume alikwenda Sham na mali ya Bibi Khadija (R.A.).

Kinachotutia mashaka ni fedha zenyewe. Ni za nani?

Mara nyingi si za mfanyabiashara. Ni za shemeji aliyepokea kiinua mgongo, za mzee wa Butiama aliyeuza ng'ombe, za mjane ambaye amekwisha eda na kugawiwa mirathi. Sasa tazama zinavyokwenda. Kawaida ya viwanda vingi vya China ni kutaka kama asilimia 30 ya bei itangulie ndipo kazi ianze, na asilimia 70 iliyobaki ilipwe kabla ya mzigo kupakiwa. Kwa hiyo siku shehena inapoingia melini, fedha yote imekwisha kutoka mkononi mwa familia. Hufuata mwezi mmoja na zaidi wa baharini, kisha bandari ya Dar es Salaam, wakala wa forodha, ushuru, kisha zaidi ya kilomita elfu moja za lori hadi Musoma. Muda wote huo yule mjane hana fedha wala hana bidhaa. Alicho nacho ni neno la mpwa wake, na pengine picha ya maboksi kwenye simu.

Ugomvi mwingi tunaousikia haukuzaliwa na hasara, umezaliwa na kutojua fedha ile ilitolewa kwa jina gani. Je, ilikuwa mkopo? Basi hurudi kamili, mzigo ufike usifike, wala haiwekewi sharti la nyongeza hata ya shilingi moja. Je, ilikuwa mtaji? Basi mwenye mali na mwenye kazi hugawana faida kwa sehemu waliyopatana, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili, na ikiwa hasara imekuja bila uzembe wala hiana, humwangukia mwenye mali, na mwenye kazi huwa amepoteza jasho lake. Mpango huu ndio mudharaba. Lakini desturi iliyoenea kwetu haimo katika mawili hayo. Mtu humwambia shangazi yake: nipe milioni moja, nitakuletea laki moja kila mwezi, na milioni yako haiguswi. Tunasema bila kificho kwamba hiyo ni riba, hata shangazi akiiita faida na mpwa akiiita shukrani.

Imam Malik katika Muwatta amesimulia kisa ambacho kila mwagizaji angepaswa kukijua. Wana wawili wa Sayyidna Umar (R.A.), Abdullah na Ubaydullah, walikuwa wakirejea kutoka Iraq. Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa gavana wa Basra, alikuwa na fedha za Baitul Mali za kupeleka Madina, akawakopesha ili wanunue bidhaa za Iraq, wakaziuze Madina, warudishe rasilimali na wabaki na faida. Walifanya hivyo, wakapata. Umar alipopata habari aliuliza kama kila askari katika jeshi lile alikopeshwa kama wao. Hapana. Basi akawaamuru walete rasilimali na faida yote. Abdullah alinyamaza. Ubaydullah akajitetea kwamba mali ile kama ingepungua au kupotea, wao ndio wangeilipa. Mmoja wa waliokuwapo akapendekeza jambo lile lifanywe mudharaba, naye Umar akakubali, akachukua rasilimali na nusu ya faida, vijana wakabaki na nusu.

Tuizingatie hoja ya Ubaydullah, maana haikutupwa. Faida ina uhusiano na kubeba hatari. Anayetaka faida huku amekingwa na kila hasara anataka kisichokuwa chake. Na tuzingatie pia kwamba Umar hakuona haya kuwahoji wanawe mbele za watu. Katika familia zetu kuhoji fedha huonekana ni kukosa adabu, hasa kijana akiwa ndiye msomi wa ukoo.

Mali ya yatima ina ukali wake. Aya ya 10 ya Suratun Nisaa inatosha kumtetemesha msimamizi yeyote. Wapo wanavyuoni walioruhusu mali hiyo kufanyiwa biashara ili isimalizwe na matumizi na Zaka, lakini kwa sharti la kuilinda. Kwa maoni yetu, kuipeleka yote kwa muuzaji wa ng'ambo ambaye hujapata kununua kwake hata mara moja si kuilinda, na kadhi akiulizwa hatuoni angesema vinginevyo.

Liko pia suala la ankara. Tuchukulie shehena ambayo thamani yake pamoja na bima na nauli ni shilingi milioni moja, nayo ipo katika kiwango cha ushuru cha asilimia 25. Ushuru ni shilingi 250,000. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, yaani 225,000. Tayari ni 475,000 kabla ya tozo nyinginezo na malipo ya wakala. Ni mzigo mzito kwa mwenye duka dogo, nasi hatukatai. Ndiyo maana wengine humwomba muuzaji aandike nusu ya bei, na wakikemewa hujibu kwamba ushuru ni dhuluma. Hata tukiwakubalia hilo kwa ajili ya mjadala tu, karatasi ile bado ni ushahidi wa uongo uliotiwa saini, na kijana aliyezoea kuandika bei mbili kwa ajili ya forodha hashindwi kumwandikia shangazi bei ya tatu.

Wavuvi wetu wa dagaa wameacha karabai na kutumia taa za sola. Taa iliyoandikwa nguvu isiyokuwa nayo, muuzaji akalijua hilo na kunyamaza, ni ile ile nafaka iliyoloa maji chini ya kavu, ambayo Mtume (S.A.W.) aliigundua kwa kutia mkono wake sokoni Madina. Nyavu za timba, ambazo sheria ya uvuvi imezikataza, hazihitaji maelezo.

Tumalizie na wale wanaokusanya oda. Hakim bin Hizam (R.A.) alimuuliza Mtume juu ya kuuza asichokuwa nacho kisha akakinunue sokoni, akakatazwa. Mlango uliofunguliwa ni wa salam: bei yote hulipwa papo hapo, na bidhaa huelezwa sifa, kipimo na siku ya kukabidhiwa. Katika salam, dola ikipanda, mwuzaji ndiye anayebeba. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, na mwaka 2024 ikafika karibu 2,700, kwa hiyo mzigo wa dola 2,000 ulizidi kwa shilingi 800,000. Asiyeweza kubeba hilo na awe wakala, aseme wazi kwamba ananunua kwa niaba ya mwenye fedha kwa ujira unaojulikana.

Na siku iwe siku kweli. Mwaka 2025 mwaka mpya wa Kichina uliangukia Januari 29, viwanda vikafungwa, na Idi ya Fitri ikaswaliwa kwetu Machi 31. Aliyepokea fedha katikati ya Januari akaahidi kanzu za Idi aliahidi asichokiweza. Mzigo ukichelewa, mnunuzi ana hiari ya kungoja au kurudishiwa fedha yake kamili. Kudai nyongeza kwa sababu ya kucheleweshwa hana ruhusa, na mwuzaji naye hana ruhusa ya kumlazimisha achukue vitenge badala ya kanzu.