KLAVYE YA MIDI ISHIKE KWANZA NYIMBO ZETU



Siku hizi ukipita katika korali zetu za Lubumbashi, toka Kamalondo mpaka Katuba, utasikia vijana wanaongea neno moja: MIDI. Kila mutu anataka klavye, aiunganishe na ordinatere, afanye studio kwao nyumbani. Ni jambo muzuri, hatulikatai. Lakini tunauliza: hii klavye tunaitaka ya kufanya nini kwanza? Wengi watajibu: "Ya kutengeneza biti." Sisi tunasema hapana. Kazi yake ya kwanza iwe kushika sauti ine za nyimbo zinazotungwa hapa kwetu, mbele hazijapotea.

Kwanza tuelewane. Klavye ya MIDI peke yake haina sauti. Ukiipiga bila kuiunganisha, utasikia paka mulio wa plastike. Yenyewe haitumi sauti, inatuma habari: kidole kimefinya nota gani, kwa nguvu gani, na kimeiachilia wakati gani. Kila nota iko na namba yake, toka 0 mpaka 127. Do ya katikati ni 60. Ordinatere njo inasoma zile namba na kutoa sauti ya piano, ya filimbi ao ya ngoma, vile unapenda. Lugha hii ilionyeshwa mbele ya watu huko Marekani katika Januari 1983, wakati vyombo viwili vya makampuni tofauti, Sequential na Roland, viliunganishwa kwa kable na vikasikilizana. Hata leo chombo cha zamani na cha sasa vinaweza kuongea pamoja kwa lugha ile.

Sasa, juu ya nini tunasema sauti ine? Sababu nyimbo zetu nyingi hazina karatasi. Mutungaji anaimba soprano, anafundisha alto kwa masikio, kiisha tenore, kiisha base. Wimbo unakaa kichwani. Mutungaji akihamia Kolwezi kutafuta kazi, ao akifariki, alto inageuka, base inasahau, na kisha miaka michache hakuna mutu anajua ilikuwa namna gani. Kaseti nazo tulishaziona: utepe unakatika, joto na vumbi vinamaliza mengine.

Historia ya Katanga inatufundisha. Mu 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, njo Likasi ya leo, na mashine yake ya kunasa sauti, akamukuta kijana Jean-Bosco Mwenda na gitaa. Sahani zilizotoka pale, na wimbo "Masanga" ndani yake, zilimufanya Mwenda ajulikane mbali sana. Ni kazi ya kushukuru. Lakini leo, mutu anayetaka kuchunguza mikanda ya Tracey anaelekea Afrika ya Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mu 1954. Wakati ule mashine ya kunasa sauti ilikuwa ya bei kali, nani hapa kwetu angeiweza? Leo sababu ile imepunguka sana. Tukipoteza nyimbo zetu sasa, tutamulaumu nani? Na tusisahau jambo ingine: mashine ya Tracey haikumufundisha Mwenda gitaa. Ilikuta vidole vimeshajua. Klavye nayo haitatufundisha muziki kama sisi wenyewe hatujifunzi.

Basi, namna ya kuanza ni hii. Mbele ya kununua kitu, muangalie nyuma ya piano ya umeme ya kanisa lenu. Kama kuko tundu la viringo limeandikwa MIDI OUT, ao tundu la mraba limeandikwa USB TO HOST, piano ile inaweza kuwa klavye yenu, hamuhitaji ingine. Kwa lile la USB, kable ni sawa na ile ya emprimante. Kama hakuna, mutafute klavye ndogo. Ya vifungo 25 inatosha kuingiza sauti moja moja. Ya vifungo 49 ni oktave ine, inaenea toka base mpaka soprano. Ya vifungo 88 muiachie mutu wa piano.

Kwenye ordinatere, muweke programu ya bure. Kwa kuandika muziki kuko MuseScore. Kwa kutengeneza muziki wenyewe kuko LMMS. Sisi tunashauri muanze na MuseScore, sababu hata mutu mwenye vidole vizito anaweza: unachagua urefu wa nota, unafinya kifungo, nota inajiandika. Muingize soprano, kiisha base, kiisha alto na tenore. Kila sauti iwe na mustari wake. Kiisha musikilize zote pamoja. Hapo mutacheka, sababu kosa litaonekana wazi: tenore mbili zinazobishana kwa miaka zitaona nota ile ile mbele ya macho yao. Mutungaji mwenyewe akae pale, ahukumu.

Wakati wa kupiga moja kwa moja na kunasa, mujihazari na kitu kimoja: ucheleweshaji. Unafinya sasa, sauti inakuja nyuma kidogo, na mukono unapotea. Mara nyingi klavye haiko na kosa. Musitumie bafle ya bluetooth, inachelewesha. Mutumie ekutere za kable. Kwa Windows, kuko programu ndogo ya bure inayoitwa ASIO4ALL, inasaidia sana.

Kuko faida ingine kwa sisi wenye kuhesabu mega. Dakika moja ya muziki ulionaswa kwa ubora wa CD inakula karibu mega 10. Sauti ine za wimbo muzima kwa MIDI ni kilo chache tu, sababu ni namba, haiko sauti. Unaweza kumutumia ndugu yako wa Kipushi kwa telefone bila kumaliza forfe. Umeme ukikatika nao, klavye ndogo ya USB inakunywa kidogo tu kwenye batri ya ordinatere, na kazi inaendelea.

Bamoja watasema: "Ile mashine itaua korali." Tunawaelewa. Kwa kweli klavye ya MIDI haishiki maneno ya wimbo, wala namna mama fulani anavuta sauti yake toka nota moja mpaka ingine. Programu inaweza pia kunyoosha kila nota mpaka wimbo unakuwa sawa saa ya ukutani, bila damu. Kwa hiyo tunasema mambo mawili. Kwanza, musinyooshe kila kitu. Pili, siku ile ile munaandika nota, munase pia mutungaji akiimba kwa telefone, na maneno yaandikwe kwenye karatasi. Nota, sauti na maneno: vitatu hivi pamoja njo wimbo.

Wengine watasema: "Feza ya korali ni kidogo, tulipe studio tutoe wimbo moja, tusikike." Sisi tunajibu: studio inakupa wimbo moja, na kesho utalipa tena. Klavye inabaki shuleni, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataikuta. Biti zitakuja nyuma, hatuzikatazi. Lakini kijana aliyeandika kwanza sauti ine kwa mukono wake, hata biti yake itakuwa na akili.

Kwa hiyo tunaomba komite ya korali, na kwa heshima Bwana Prefe na walimu wetu wa muziki, wakubali jambo hili: mbele ya mwisho wa mwaka huu, tuchague mutungaji moja muzee wa kanisa zetu, angali muzima na angali anakumbuka, tumualike siku ya posho, na tushike wimbo wake moja sauti ine. Wimbo moja tu, ukamilike, utiwe kwenye karatasi na ugawiwe. Wenye mawazo tofauti waandike katika namba inayokuja, tutawasoma.

Mwanafunzi wa korali, mwaka wa tano pedagojia