Kisu Kimebaki, Nyimbo Zimeondoka

Na Kwamboka Ogaro

Kila Desemba, msimu wa tohara, Kisii na Nyamira hurudia lalamiko lile lile: usasa umetuharibia watoto, turudi kwa mababu. Lalamiko lenyewe ni kongwe. Mnamo 1913 Onyango Dunde, Mjaluo wa Alego, alianza kuhubiri imani ya Mumbo, joka la ziwani, na imani hiyo ikavuka hadi Gusii, nchi ya Abagusii wa Kisii na Nyamira. Wafuasi walikataa mavazi na dini ya Mzungu, wakingoja siku wageni watakapotoweka. Septemba 1914 Wajerumani waliingia mjini Kisii na Waingereza wakaondoka kwa muda. Utabiri ukawa rahisi kuaminika. Waingereza walirudi, na baadaye viongozi wa Mumbo wakapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini Mumbo hakuwa wa Abagusii tangu asili. Vuguvugu lililoahidi kurejesha ya kale lilikuwa changa kuliko misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu, papo hapo Kisii.

Ndiyo maana namuuliza mtetezi wa mila: unalinda nini hasa? Chukua ukeketaji, uliopigwa marufuku na sheria ya 2011. Zamani ulikuwa na nyimbo za wanawake, siku za kutawa na mafunzo ya akina nyanya. Leo wasichana wengi wa Gusii hukatwa kwa siri na wahudumu wa afya, kwa glavu na dawa ya ganzi, kisha kimya. Usasa umeingia hadi kwenye wembe. Yote yaliyomfunza binti yametupwa, limebaki jeraha, nasi tunaliita utamaduni.

Kuna atakayesema natumia ovu moja kuubeza ukale wote. La hasha. Nakubali usasa umetunyang'anya kitu, na kitu hicho kina jina: risaga. Majirani walilima shamba la mmoja, wakala na kunywa kwake, kesho wakahamia kwa mwingine. Nani aliliua? Si shule. Ni kibarua cha fedha, chai inayochumwa kwa malipo ya kilo, na ardhi iliyokatwakatwa. Sensa ya 2019 iliikuta Kisii na zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba. Kishamba cha mrithi mmoja hakiyatoshi majembe ishirini hata kwa asubuhi moja. Hata hivyo mjane mwenye magugu hajakosekana kijijini.

Basi mwenye uchungu na mila aanzie kwa huyo mjane. Jembe halijapigwa marufuku na sheria yoyote.